Jina Lililolala Friji

Pokuaa alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu hata akizama mtoni atauliza kwanza maji yametoka wapi. Siku moja, bado mdogo, alimuuliza mchungaji wa kanisa lao ni nani aliyemzika mchimba kaburi wa kwanza, akafinywa sikio mbele ya waumini. Sikio lilipoa, ugonjwa haukupoa. Alikua nao, akaolewa nao, akaachika nao, na mwishowe ukampatia kazi, maana riziki ya mtu huwekwa mahali ambapo wenzake wanapaona kasoro.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika habari za marehemu. Pale Bantama, Kumasi, mtu hafi kimyakimya. Kuna mabango ya kubandikwa njia panda, kuna kitabu cha mazishi chenye picha za rangi, kuna wasifu wa kusomwa mbele ya umati uliovaa nyeusi na nyekundu. Watu walimjia Pokuaa na macho mekundu, wakasema, "Andika: alikuwa mama mwema, mcha Mungu, mkarimu." Pokuaa aliweka kalamu chini.

"Wote mnaoniletea walikuwa wema, wacha Mungu na wakarimu," alisema. "Huyu wa kwenu alikuwa akicheka nini?"

Watu walikasirika. Walitazamana. Halafu mmoja akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, na hapo ndipo wasifu ulipoanza. Mwisho wa yote familia iliondoka na karatasi ambayo ukiisoma unamwona marehemu akiingia mlangoni.

Aliyemwingiza kwenye kazi hiyo alikuwa mpiga picha mmoja, Yaw Amponsem, ambaye mji mzima ulimwita Mjomba Picha. Mjomba alikuwa na studio, chumba chake cha kulala nyuma ya studio, na wazo moja lililomkosesha usingizi: watu wetu wametawanyika. Mama anakufa Bantama, mtoto yuko Hamburg hana karatasi za kusafiria, mwingine yuko Torino anasukuma mikokoteni kiwandani. Nani atawaletea mazishi? Basi akatengeneza tovuti. Kila marehemu alipewa ukurasa wake: picha, wasifu, nyimbo zilizoimbwa, na sauti yake mwenyewe kama familia ilikuwa nayo kwenye simu. Akaiita Yenkaewon, yaani tuwakumbuke. Yeye alipiga picha, Pokuaa akaandika, na watu wa ughaibuni wakawa wanafungua ukurasa Jumapili kama waendao kanisani.

Kisha likaja jambo la mawe. Familia moja ilikuwa inagombana juu ya mstari gani wa Biblia uchongwe kwenye kaburi. Wa Methodisti walitaka huu, wa Pentekoste walitaka ule, fundi wa marumaru amekaa kando anakula karanga. Pokuaa akawaambia, "Chongeni anwani ya ukurasa wake. Atakayepita hapa aufungue, amjue alivyokuwa." Wakaona ni akili. Waliofuata wakaona ni fasheni. Nanyi mnawajua watu wa Kumasi na fasheni ya mazishi: haikupita muda, kaburi lisilo na Yenkaewon likaonekana la mtu asiye na ndugu. Mafundi walichonga, wakapaka dhahabu kwenye herufi, na jiwe, kama tujuavyo, halina kifutio.

Mjomba Picha alikufa asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Alizikwa vizuri, hilo siwanyimi watu wa ukoo wake. Baada ya mazishi chumba chake kikafungwa kama desturi inavyotaka: nguo, kamera, kompyuta, simu, vyote ndani. Ufunguo ukakaa kwa Nana Akyampon, mkuu wa ukoo, mpaka mwaka wa marehemu utimie, mrithi atangazwe mbele ya watu, ndipo kila kitu kiguswe. Kabla ya hapo hata watoto wake wa kuwazaa hawagusi kijiko. Pokuaa, ambaye alikuwa mfanyakazi tu na si wa ukoo ule, aliendelea na kazi kwenye kibanda chake cha mbele. Na ajabu ya Mungu, mwanamke yule aliyeuliza kila kitu hakuuliza hili moja: mambo ya Mjomba yameachwa vipi? Aliona haya. Kuuliza vitu vya maiti kabla ya mwaka kunanuka tamaa. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilipia kila mwezi mahali zinapohifadhiwa kurasa, na kurasa zilikuwa zinafunguka. Aliamini mambo ni shwari.

Mwaka ulikaribia kutimia ndipo simu ikalia kutoka Hamburg.

"Pokuaa, mama yangu yuko wapi?"

"Mama yako, dada? Tulimzika. Ulitazama mwenyewe."

"Najua mlimzika! Nauliza yuko wapi kwenye simu. Nafungua, naona ukurasa mweupe. Mmemtoa kwa sababu sikuchangia ukarabati wa kanisa?"

Pokuaa akafungua. Kweli, weupe mtupu, na mstari mmoja mdogo ukisema muda wa jina hili umekwisha. Akaingia kwa mlango wa nyuma, pale anapowekea maandishi yake: marehemu wote walikuwapo, salama, kila mmoja na cheko lake. Ila hakukuwa na njia ya mtu wa nje kuwafikia. Akapigia kampuni ya Accra iliyosajili jina, akampata dada mmoja aitwaye Dzifa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutukanwa tangu asubuhi.

"Dada, mimi nalipa kila mwezi," Pokuaa alianza. "Mbona mmenifungia?"

"Wewe unalipia nyumba. Jina la nyumba ni kitu kingine, na hilo liko kwa bwana Yaw Amponsem. Tumemwandikia mpaka tumechoka. Hajibu."

"Hawezi kujibu. Amekufa."

"Pole sana, dada. Basi ndiyo sababu."

Mtu mwingine hapo angepiga kelele. Pokuaa, kabla hata hofu haijamfikia, ugonjwa wake ukawahi. "Samahani, hebu niambie. Jina likiisha muda wake, linakwenda wapi?"

"Unajua hakuna aliyewahi kuniuliza hilo? Wote hunifokea tu," Dzifa alisema, na sauti yake ikalainika. "Kwanza haliendi popote. Linasimama, mwenyewe akija analipia kama kawaida. Kipindi hicho kwenu kimepita. Sasa liko kwenye kukombolewa. Halifanyi kazi, lakini mtu mwingine hawezi kulichukua. Mwenyewe akija na faini, analitoa. Na hicho kikipita tunalifuta, na hapo ni la atakayewahi."

"Kumbe liko friji."

"Liko nini?"

"Limekufa lakini halijazikwa. Liko mochwari, linasubiri ndugu waje na karatasi walitoe."

Dzifa akacheka mpaka akakohoa. "Ehee, liko friji. Ila fanyeni haraka, maana mwisho wa mwezi tunazima umeme."

"Na nani atalitaka? Jina la watu waliokufa?"

"Dada yangu, kuna watu kazi yao ni kukaa mlangoni mwa friji. Wanatazama jina gani lina wageni wengi. Likiachiwa tu, wamelidaka. Wanaweka kamari, wanaweka wanawake uchi, halafu wageni wako wanakuwa wateja wao."

Hapo sasa hofu ikamfika. Aliyaona mawe yote yale, yamejipanga makaburini na herufi zake za dhahabu, na kila jiwe likimwelekeza mjukuu kwenye meza ya kamari. Na aliyewaambia watu wachonge ni nani? Ni yeye.

"Niambie nilipe wapi. Sasa hivi."

"Tatizo si malipo. Lazima mwenyewe athibitishe, kuna namba ya siri inakwenda kwenye simu yake. Au mlete karatasi ya mirathi ya mahakama."

"Mahakama mpaka lini? Na simu yake imefungiwa chumbani."

"Basi si mfungue chumba?" Dzifa alisema hivyo kirahisi kwa sababu hakumjua Nana Akyampon.

Nana alikuwa nyuma ya nyumba yake, redio ikimpigia kelele miguuni, anakula ndizi za kuchemsha na mchuzi wa majani ya magimbi. Pokuaa alimsalimu kwa kuinama, akakaribishwa kula, akala matonge ya heshima. Kisha akaleta neno. Nana aliacha kutafuna.

"Mwaka wa Amponsem haujatimia, na wewe umekwisha anza kuvitaka vyake?"

"Sitaki vyake, Nana. Nataka simu yake iseme neno moja tu."

"Simu ya maiti iseme! Umeacha kuandika, umeingia uganga?"

Pokuaa akaeleza: jina, muda, kukomboa. Nana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alipoinua uso alionekana amekosewa adabu na dunia nzima.

"Jina likaisha muda? Mimi hapa na mvi zangu hakuna siku mtu amenijia akaniambia, Akyampon, lipia jina lako. Jina hukodishwa?"

"La intaneti hukodishwa, Nana. Hakuna mtu anayelinunua likawa lake moja kwa moja. Hata wazungu wanakodi."

"Wazungu nao!" Alisema kana kwamba amepata faraja. "Sasa si mtafute jingine? Liiteni Yenkaewon ya Pili. Tusimsumbue marehemu."

"Na mawe, Nana?"

Nana aliisukuma sahani kando. Mke wake, Maame Fosua, alikuwa amelala chini ya marumaru nyeusi, na Nana mwenyewe ndiye aliyesimama juani akimsimamia fundi herufi kwa herufi. Pokuaa akatoa simu yake. Alitafuta anwani ya zamani ya kanisa moja la mbali lililosahau kulipia jina lake, akaifungua, akampa Nana. Nana akavaa miwani. Pale palipokuwa ratiba ya ibada, sasa palikuwa na msichana aliyevaa vipande viwili vya uzi, ameshika kete za kamari na kukonyeza jicho. Nana alimtazama kwa makini, na sitasema alimtazama muda mrefu kuliko kesi ilivyohitaji, maana mzee ana heshima zake.

"Hii," alisema hatimaye, "ndiyo itakuwa juu ya kaburi la Fosua?"

"Mwisho wa mwezi, Nana."

Akarudisha simu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Ukoo hauendi mbio," alisema. "Lakini kesho asubuhi utatembea kidogo."

Asubuhi hiyo walikuja wazee wawili wa ukoo kuwa mashahidi. Nana alisimama mbele ya mlango wa chumba cha Mjomba, akamimina pombe ya tambiko chini kidogo kidogo, akanena kwa sauti ya kumwambia mtu aliye chumba cha pili.

"Amponsem, ni sisi. Hatukuibii. Hatujagawa hata soksi yako. Tunaazima simu, tutairudisha. Na wewe, ungetuambia mapema kuwa jina linakodishwa, tusingekugongea mlango usingizini."

Chumba kilinuka dawa ya nondo na karatasi za picha. Simu ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi. Pokuaa aliichomeka kwenye umeme palepale, ili isije ikasemwa ilitoka chumbani, na wote wakaketi kuitazama kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Ikawaka. Picha ya Mjomba ikatokea, amevaa kofia yake ya nyasi. Mzee mmoja akasema pole kwa kunong'ona. Lakini pale juu, penye alama za mtandao, hapakuwa na kitu. Pokuaa akatoa laini, akaifuta, akairudisha. Hapakuwa na kitu. Laini isiyotumika kampuni huikata, na hii ilikuwa imelala karibu mwaka mzima.

"Kwa hiyo," Nana alisema polepole, "tumemwamsha mtu bure?"

Pokuaa alitaka kulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo lisiloruhusiwa, na hakuna aliyemkemea. Alifikiria kwenda kwa kila familia, mlango kwa mlango, kuwaambia waandae patasi. Na katikati ya majonzi hayo, ule ugonjwa ukamgusa bega.

"Na namba ya simu je?" alisema. "Nayo ikifa, inakwenda wapi?"

Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga namba ya Mjomba Picha. Ikaita. Mzee mmoja alisimama, akasogea karibu na mlango.

"Haloo?" ilijibu sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu mwenye shughuli. "Kama unalia, lia taratibu. Nina wateja."

Kitwi chake, lugha ya Kumasi, kilikuwa cha sokoni, chenye lafudhi ya kaskazini. Pokuaa akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama, shikamoo. Silii. Mimi naitwa Pokuaa, niko Kumasi. Hii namba ilikuwa ya mjomba wetu mmoja. Naomba msaada wako. Itakuja namba ya siri hapo kwako, unisomee tu..."

"Ahaaa! Hapo hapo! Umefika penyewe!" Yule mama alipaza sauti kama aliyeshinda bahati nasibu. "Redioni wanatuambia kila siku, msimsomee mtu namba za siri. Mimi ni Memunatu wa Tamale, nauza kanga wa kukaushwa, jasho langu halili mtu. Mwizi mkubwa wee, na kisauti chako cha kanisani!"

Akakata. Pokuaa akapiga tena. Akakatiwa kabla hajamaliza salamu. Nana akatikisa kichwa. "Ana haki. Hata mimi ningekata."

Pokuaa alibaki ameshika simu. Kuna neno lilikuwa linamwasha tangu mwanzo, na halikuwa namba ya siri. Akapiga mara nyingine.

"Mama, usinipe chochote," alisema haraka. "Usinisomee kitu. Niambie hili tu, nikate. Umesema kama nalia nilie taratibu. Hao wanaokupigia wakilia, huwa wanasema nini?"

Nyuma ya Memunatu kulisikika mtu akibishana bei ya kanga.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua. Sina sababu nyingine."

"Hm." Memunatu akamwambia mtu wa kule angoje. "Tapeli hajawahi kuniuliza hilo. Sikiliza basi. Tangu ninunue laini hii sina raha. Wananipigia wananiita Mjomba Picha. Mmoja anasema, Mjomba, nimesikia habari zako leo, nimechelewa. Mwingine anajua kabisa amekufa, anapiga ili isikike inaita tu, nikipokea anapiga yowe kule, na mimi napiga yowe huku. Kuna mzee wa Italia, huyo kila Jumapili. Mara ya kwanza nikamwambia, baba, namba imekosewa. Akasema najua, niache tu niseme. Basi namwacha aseme. Anamweleza Mjomba habari za magoti yake. Na siku hizi wamezuka wa aina nyingine, hao ndio wananiumiza. Wanauliza, Mjomba, mama yangu mmempeleka wapi, mbona hafunguki. Mimi nitajua mama zao walipo?"

Pokuaa alikuwa analia sasa, taratibu, kama alivyoagizwa.

"Mama Memunatu, kwa nini hukubadili namba?"

"Nibadili? Imechorwa kwenye ubao wa duka langu kwa rangi nyekundu, kubwa, na fundi ameondoka mjini. Na nikibadili, huyo mzee wa magoti atamwambia nani?" Akacheka, cheko fupi lililochoka. "Mizigo ya watu wa Kumasi nilianza kuibeba nikiwa msichana, pale sokoni Kejetia, kichwani. Nikadhani nimemaliza. Sasa mnanibebesha kwa simu."

"Ya kwako imechorwa ubaoni," Pokuaa alisema. "Ya kwetu imechongwa makaburini." Akamweleza yote, friji na walinda mlango wa friji, mpaka yule msichana wa kete. Memunatu alimsikiliza bila kumkatiza, akaomba Mungu amwepushie.

"Hapo ulipo pana mtu mzima?" aliuliza mwisho. "Nipe niongee naye."

Nana akajisafisha koo. "Mama, mimi ni mkuu wa ukoo wa mwenye namba."

"Mwenye namba ni mimi, mzee wangu."

"Kweli. Wa mwenye namba aliyetangulia," Nana alikubali, na nina hakika hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha mbele ya mashahidi akaachwa hivi. "Mama, mke wangu yumo humo. Fosua. Sijui mambo ya mitandao. Najua tu kwamba jioni nilikuwa nikimfungua, na sasa hafunguki."

Kule Tamale yule mteja wa kanga alikuwa amechoka kungoja, analalamika. Memunatu akamfokea anyamaze, kuna msiba.

"Waambie watume," alisema.

Dzifa akatuma. Memunatu akasoma namba moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai mabovu na mazima, na akazirudia bila kuombwa. Pokuaa akaandika, akalipa faini. Kampuni ikakubali. Siku iliyofuata jina likatoka friji, likiwa zima, na marehemu wote wakarudi kwenye kurasa zao kama watu waliotoka sokoni. Wa kwanza kumfungua marehemu wake alikuwa Nana. Wasifu wa Maame Fosua unaanza kwa kusema kwamba alikuwa akicheka kuku wanapogombana. Nana aliusoma mpaka mwisho, kisha akawaomba watu wampishe kidogo.

Ikabaki kuhakikisha jambo lile halirudii. Dzifa aliwaambia tatizo halikuwa Mjomba kufa, kufa tutakufa wote. Tatizo ni kwamba jina lote lilining'inia kwenye mtu mmoja. Nana akasema hilo analijua tangu mtoto. Kiti cha ukoo hakifi, anayekikalia ndiye afaye. Basi jina likaandikwa la ukoo, likalipiwa miaka mingi mbele kwa kadiri kampuni ilivyoruhusu, likawekewa kadi ya benki ya mrithi ili muda ukiisha lijilipie lenyewe. Maonyo yangekwenda kwa mrithi na kwa Pokuaa. Pale palipoandikwa simu, namba ya Mjomba ilikuwa bado imo. Pokuaa aliweka kidole aifute. Hakuifuta. Alimpigia Memunatu kumwomba ruhusa.

"Iache," Memunatu alisema. "Kwani utaniongezea mzigo gani tena?"

Mwaka wa Mjomba ukafanyika, simu ikarudishwa chumbani kama ilivyoahidiwa, mrithi akatangazwa, watu wakacheza ngoma mpaka viatu vikawashinda. Siku hiyo Pokuaa alimfungulia Mjomba ukurasa wake mwenyewe. Alikuwa amewauliza watu wengi Mjomba alikuwa akicheka nini, na jibu alilolitumia lilitoka kwa yule mzee wa Italia, kwa njia ya Tamale.

Miaka ikapita, na binadamu ni binadamu. Mrithi alihamia Kanada, kadi yake ya benki ikafa bila yeye kujali, barua zake za onyo zikarundikana bila kutazamwa. Pokuaa naye aliibiwa simu kwenye msongamano wa mazishi fulani, akapata nyingine yenye namba mpya, akamjulisha Memunatu, na kwa kampuni akasema ataisajili kesho. Kesho hizo mnazijua. Asubuhi moja alikuwa kibandani na familia yenye macho mekundu, anasubiri waanze kucheka, simu ikaita. Alikuwa Memunatu.

"Pokuaa, mwanangu, mjomba wenu ameniandikia. Anasema jina linakaribia kuisha."

Kwa mara ya pili maishani, Pokuaa hakuuliza kitu. Aliwaomba ile familia radhi, akafungua kompyuta, akalipa.